Kigae cha Ndege

Kigae kilianguka tena. Chun-Tao alikisikia kikigonga sakafu, kikadunda, kikaingia chini ya kitanda cha hospitali kilichojaza nusu ya sebule yao. Alibaki amekaa kwenye kigoda akitazama mikono yake, kana kwamba kuna mtu mwingine humo ndani atakayeinama badala yake. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Baba Ling, wewe unanifanyia makusudi," alisema.

Mumewe hakujibu, na si kwa kiburi. Kiharusi kilimchukua Wen-Pin upande wote wa kulia, kikabeba na maneno, kikamwachia mkono wa kushoto, jicho moja lenye uhai, na tabasamu la upande ambalo mtu hakuweza kujua ni tabasamu kweli au ni mdomo tu umelegea. Daktari wa mazoezi alisema apewe vitu vidogo vidogo avishikeshike, vidole visije vikasahau kazi. Chun-Tao akatafuta vigae vichache vya mahjong, mchezo unaofanana na karata, vilivyobaki katika seti yao ya zamani, akavitia kwenye kopo la biskuti. Kila siku baada ya chakula cha mchana alivimwaga juu ya sinia la kitandani, na Wen-Pin akavichambua polepole, akavipanga mstari. Vingine vyote alivipanga vizuri tu. Lakini hiki chenye picha ya ndege, akishakishika, alikisukuma mpaka ukingoni, upande aliokaa mkewe, kikaenda chini. Kona yake moja ilikuwa imeshamomonyoka.

Chun-Tao akapiga magoti, nayo magoti yakamlalamikia. Akakivuta kigae pamoja na vumbi lake, akakitupia koponi.

"Kesho nakitia kwenye taka. Tuone utaangusha nini."

Watu husema kuugua si kufa. Ni kweli, lakini hawasemi neno juu ya yule anayeuguza. Binti yao, I-Ling, alikuwa mji wa Hsinchu kwenye kiwanda cha vipuri vya kompyuta; alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama baba amekula. Hakuuliza kama mama amelala. Na Chun-Tao hakumlaumu, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kujiuliza. Alimgeuza mumewe asipate vidonda, akamfuta, akamlisha uji wa wali na viazi vitamu, akafua, akashuka ngazi kwenda sokoni, akapanda ngazi. Uchovu wake haukuwa wa siku moja ambao mtu akilala unaondoka. Ulikuwa wa kuhamia, umekuja na mizigo yake.

Mvua ya majira ya plamu, masika ya huko, ilikuwa ikipiga bati la dirisha, na huko chini kwenye karakana ya pikipiki mtu alikuwa akiijaribu injini isiyotaka kuwaka, ndipo mlango ulipogongwa.

Mlangoni alisimama mwanamume wa miaka arobaini na ushei, miwani imelowa, amekumbatia boksi la keki za nanasi. Viatu alikuwa ameshavivua kabla hata hajakaribishwa.

"Shikamoo, mama. Hapa ni kwa Bwana Liao Wen-Pin? Mimi naitwa Kuo. Nimetoka Taichung. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia."

"Meno tunayo," alisema Chun-Tao. "Machache, lakini yanatutosha."

Kuo akacheka, akainamisha kichwa. "Sikuja kuuza, mama. Nimekuja kwa ajili ya gemu."

Alimkaribisha kwa sababu kusimama mlangoni kulimchosha zaidi kuliko kuketi. Mgeni akamwona Wen-Pin kitandani, akaelewa, uso ukamshuka. Hata hivyo alimsalimia kwa heshima zote, mgongo umepinda, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Kisha akafungua begi lake na kutoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha miwani. Kilikuwa kimashine cha kijivu cha kuchezea gemu mkononi, kinene kama nusu mche wa sabuni, chenye kioo kidogo cha rangi ya maji yaliyochemshiwa mboga. Mgongoni kilikuwa kimechomekwa kaseti nyeusi isiyo na picha, ina karatasi tu iliyoandikwa kwa mkono jina la gemu na la mchoraji wake.

"Warembo wa Meza ya Kijani," Kuo alisoma. "Kampuni ilikufa kabla haijaanza kuuza. Nakala zilizotoka zinahesabika. Hii niliikuta kwenye kapu la midoli mibovu, soko la alfajiri. Mama, kuna watu Osaka, kuna watu Hong Kong, wanaota usiku kuhusu gemu hii!"

Chun-Tao alihisi shingo yake ikipata moto. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile tangu I-Ling akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Akageuka kumtazama mumewe. Lile jicho zima lilikuwa wazi, limekodoa kwenye kile kimashine.

"Hiyo ni gemu ya uchafu," alisema.

"Ndiyo, mama," Kuo alikubali, bila aibu na bila ubishi. "Lakini imechorwa vizuri."

Ilikuwa hivi. Mchezaji anakaa na mrembo, wanacheza mahjong wawili, kila mmoja akivuta na kutupa kigae mpaka mafungu yake yatimie, na kilichotupwa na mmoja mwenzake aweza kukiokota akafunga mchezo. Akishinda, mrembo anavua koti. Akishinda tena, anavua kingine, na kuendelea, mpaka pale ambapo mtu mwenye adabu angegeuza macho. Kisha anakuja mrembo mwingine. Wen-Pin ndiye aliyewachora wote, nukta kwa nukta, na ndiye aliyewafundisha kucheza, kwa kuwa bosi wake, Tsai, hakuwa tayari kuajiri watu wawili kwa kazi ambayo mmoja angeifia peke yake. Alifanya kazi hiyo hapohapo mtaani kwao Sanchong, juu ya duka la matairi, akirudi nyumbani mapambazuko macho mekundu kama ya mlevi. Chun-Tao miaka hiyo alikuwa akishona zipu kwa vibarua vya nyumbani, mtoto mgongoni, mafungu ya nguo za watu yamefika darini.

Bosi hakuwa na fedha ya kukodi wanawake wa kupigwa picha. Siku moja Wen-Pin alimletea mkewe kamera ya kuazima. Alimwomba akae tu, ageuze shingo hivi, hata nguo asivue, ni mwanga wa uso tu anaoutaka.

"Mimi si kalenda ya gereji," Chun-Tao alimjibu, na kamera ikarudi kwa mwenyewe. Wen-Pin akaapa kuwa hatamchora kwa namna ile kamwe.

Basi nani alichorwa? Pale ofisini palikuwa na binti wa kupokea simu, Su-Ching, mwenye shingo ndefu na kicheko cha karibu. Maneno yakaanza, kama maneno yanavyoanza. Halafu ikaja karamu ya kufunga mwaka. Sahani ya kuku ikawekwa mezani na kichwa cha kuku kikamwelekea Wen-Pin, maana yake baada ya mwaka mpya asirudi kazini. Tsai, kalewa, akataka kumpoza, akanyanyua glasi na kupaza sauti: "Tunywe kwa mrembo wa mwisho! Hamtamshinda yule, msijisumbue. Yule ndiye mwenye moyo wa Wen-Pin!" Meza nzima ikamtazama Su-Ching, na Su-Ching akaona haya mpaka masikio. Chun-Tao alikuwa amekaa palepale, vijiti vya kulia mkononi, kipande cha samaki kimening'inia.

Hakuuliza. Siku ile hakuuliza, wala kesho yake, na jambo usiloliuliza mapema linaota mizizi, baadaye ukitaka kuling'oa unang'oa na sakafu. Kampuni ikafa, Wen-Pin akawa fundi wa viyoyozi, Su-Ching akaolewa Tainan. Maisha yakaenda, wakala pamoja, wakalala pamoja. Lakini Chun-Tao alikuwa ameufunga mlango mmoja ndani yake, na mumewe, mtu asiye na maneno hata alipokuwa nayo, hakuwahi kuubisha. Sasa maneno yalikuwa yamekwisha kabisa. Na kila alipomgeuza ubavu, swali lilikuwa lilelile: anamuuguza mume wake, au mume wa mtu?

"Huyo wa mwisho," alimuuliza Kuo, na sauti ikamtoka kavu, "uso wake ukoje?"

"Ndiyo balaa lenyewe, mama. Amekaa katupa mgongo. Wengine wote wanakutazama. Huyu wa mwisho unamwona mgongo tu na nywele kazibana. Mpaka umshinde. Na hajashindwa na mtu."

"Hamna mafundi? Si mfungue humo ndani mtazame?"

"Nilimpa fundi. Akakuta picha imekatwakatwa vipande, imechanganywa. Inajiunga pale tu unaposhinda." Kuo akamgeukia Wen-Pin. "Mwalimu, hiyo ulikusudia, au siyo?"

Wen-Pin alitoa sauti kooni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipapasa sinia, vidole vinatafuta kitu. Chun-Tao akadhani anataka maji, akampa kwa kijiko, akamfuta kidevu.

Kisha akasogeza kigoda karibu na mgeni. "Washa," alisema. "Nataka kuona."

Kuo alikuwa ameiacha mashine palepale alipokwama, na betri za akiba alikuwa nazo mfuko mzima. Kioo kikawaka. Mwanamke alikuwa ameketi upande wa pili wa meza ndogo, mgongo kwao, amevaa kitu kizito. Vigae vikagawanywa kwa mlio wa sisimizi wa chuma, kama wangekuwa na mlio. Kuo alicheza kwa makini, ulimi nje ya meno, na Chun-Tao alimtazama kama mtu anayetazama watu wakipika jikoni kwake. Alikuwa mchezaji, huyu mama. Alizaliwa kijijini Yunlin, nyumba ambayo mtoto alijua vigae kabla ya kusoma.

Mwanamke wa kwenye kioo akashinda. Vigae vyake vikafunuliwa mezani, vyote vimekamilika kwa mafungu. Wa mwisho kufika alikuwa ndege.

"Unaona?" alisema Kuo. "Kila mara anasubiri ndege. Kila mara! Kwa hiyo mimi nikimpata ndege simtoi ng'o, namkalia. Lakini nikimkalia, mkono wangu, yaani vigae nilivyonavyo, unaharibika. Naye anangoja tu mpaka amvute mwenyewe. Ana subira ya jiwe."

"Anacheza vibaya," alisema Chun-Tao.

"Vibaya? Mama, hajashindwa!"

"Vibaya. Ndege ni kigae cha pembeni, hakiungi vizuri na kitu. Mtu anayejua anamtupa mapema. Huyu anambakiza mpaka mwisho kwa sababu..."

Sababu hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Kwa sababu anampenda tu. Kwa sababu alipokuwa mdogo ndiyo picha pekee nzuri mle kwenye boksi, na baba yake alimgombeza kila mwaka mpya: we mtoto, utakuja kufa masikini na ndege wako mkononi. Hakuna mtu aliyejua tabia hiyo isipokuwa waliokaa kwenye meza ile ya Yunlin.

Na Wen-Pin alikuwa amekaa. Alikuja mwaka mpya mmoja, rafiki wa kaka yake, kijana mwembamba asiyesema. Alipangiwa kiti mkabala na Chun-Tao. Kufika katikati ya mchezo kila mtu alijua binti anasubiri nini, uso wake haukujua kuficha, na kila mtu akamkalia ndege wake kama Kuo hapa. Wen-Pin akamtupa wake. Mezani, kwa utaratibu, mbele yake. Chun-Tao akamwokota, akafunga. Raundi iliyofuata akamtupa tena. Watu wakamcheka, wakamwita pumba, na baba wa binti akavuta sigara, akasema, "Huyu kijana hajui mahjong, au anajua sana." Ndivyo alivyochumbiwa. Maneno mengine yalikuja baadaye, ya wazee, lakini jambo lenyewe lilikwisha siku ile.

"Lete hapa," alisema.

Kuo akasita. Kumfikia mwanamke huyu kulimgharimu siku nzima. Ukipoteza pointi zote, mashine inakurudisha kwa mrembo wa kwanza. Lakini macho ya mama huyu hayakuwa ya kubembelezwa. Akampa.

Mwanzoni alicheza kushinda, kama wote. Vidole vyake vilikuwa vizito kwenye vile vibonyezo, ila akili yake ilikumbuka, na ile hasira ya zamani ikamkumbusha zaidi. Alimkalia ndege. Alijenga mkono, ukabomoka, akajenga mwingine. Kila alilolijua, mwanamke yule alilijua. Alipokusudia kumtega alitegwa. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikarudi. Katikati ilimbidi aweke mashine chini, amgeuze Wen-Pin upande wa ukutani, ambadilishe shuka, na Kuo akainuka kumsaidia bila kuombwa, akashika miguu ya mgonjwa kwa mikono yake ya kazi. Chun-Tao aliporudi kwenye kigoda mgongo ulikuwa unawaka.

Akatazama kioo. Mkononi mwake alikuwa na ndege. Na yule mwanamke, kampa mgongo, alikuwa anamsubiri.

Sikilizeni, huyu mama hakuwa na mpango wowote. Mtu akieleza habari hii baadaye atasema alitambua, alibuni, alifumbua fumbo. Hapana. Alichoka. Alimwona mwanamke amekaa peke yake anasubiri kitu kimoja kidogo ambacho dunia nzima inamnyima, akasema moyoni, chukua, dada, chukua, mimi kinanisaidia nini. Akambonyezea ndege.

"Mama!" Kuo aliruka. "Mama, umemtupia!"

"Nimemtupia."

Mwanamke akafunga. Pointi zikakatwa. Vigae vikagawanywa upya. Chun-Tao akangoja ndege aje, na alipokuja, akamtupa tena.

"Mama, tafadhali! Tunakwisha! Huyu anakula tu!"

"Acha ale. Wanaume wote hao wamekaa naye kumvua nguo, kuna hata mmoja aliyempa kitu?"

Kuo akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa kilekile, labda ili asiangalie. Raundi ikaisha kama zilizotangulia. Pointi zilizobaki zilikuwa za kumalizwa na kosa moja.

Vigae vikaja. Chun-Tao alivipanga bila pupa, na kwa mazoea ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtoa, akambakiza ndege mmoja pembeni, amsubiri ndege mwenzake. Raundi hii mwanamke alichelewa kucheza. Kioo kilisimama kabisa mpaka Kuo akadhani betri zimekufa, akashika mfuko. Kisha kile kiwiliwili cha nukta nukta kikasogea kidogo, bega moja likashuka, na mwanamke akauvunja mkono wake mwenyewe uliokuwa umekaribia kukamilika. Akatupa ndege.

Chun-Tao akabonyeza.

"Nimefunga," alisema taratibu.

Picha ilianza kujiunga kutoka chini, mstari juu ya mstari. Kwanza malapa, moja limepinduka. Kisha miguu ya meza. Kisha bakuli lililofunikwa na sahani, kama unavyomfunikia chakula mtu anayechelewa. Fungu la zipu. Kiwiko. Kiwiko kilikuwa na kiraka cha mraba, na Chun-Tao alikijua kiraka kile kabla sweta halijakamilika, kwa sababu alikishona yeye mwenyewe kutoka kwenye mguu wa suruali ya kaka yake. Mwisho ukaja uso, umelalia mkono mezani, mdomo wazi kidogo, umelala usingizi wa mtu aliyeanguka ndani yake bila kutaka. Hakuna kilichovuliwa. Mwanamke alikuwa amevaa mpaka shingoni.

Kuo akavaa miwani tena, akakiinamia kioo.

"Amevaa sweta," alisema mwishowe, na kicheko kikamponyoka, kikafia njiani. "Dunia nzima inamtafuta huyu, na amevaa sweta. Rangi hata hazionekani."

"Lilikuwa la kahawia," alisema Chun-Tao. "Kiraka cha buluu."

Mgeni akamgeukia, akamtazama yeye, kisha kioo, kisha yeye tena. Akainamisha kichwa.

Chun-Tao alitegemea furaha. Kweli, ilikuwepo, ndogo, mahali fulani chini. Su-Ching hakuwepo, hakuwahi kuwepo, na kiapo hakikuvunjwa. Lakini kilichotangulia kupanda kilikuwa hasira, akashangaa wingi wake. Alimwona! Miaka yote ile alidhani yule mtu anarudi alfajiri na macho yaliyojaa wanawake wa ofisini, hamwoni yeye wala zipu zake. Kumbe alisimama pale mlangoni akamtazama bila kumwamsha, muda wa kutosha kuhesabu nyuzi za kiraka, akaenda kuweka yote hayo kwenye kaseti, akayakatakata, akayafungia mahali pasipofikika. Alijua amechoka. Kujua alijua. Na bakuli aliliosha nani asubuhi?

Alilia kidogo, bila sauti, kwa jicho moja kwanza na la pili baadaye. Kuo alijifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Mama," alisema baada ya muda, simu mkononi, "niruhusu nipige picha moja tu. Wenzangu hawataamini."

"Huyo mwanamke amelala," alisema Chun-Tao. "Hujui amechoka kiasi gani. Mwache."

Kuo aliishika simu, akaigeuzageuza. Alikuwa ameitafuta picha ile sehemu nzuri ya maisha yake. Kisha akairudisha mfukoni, na tuseme ukweli, si watu wengi wangeirudisha.

"Nitawaambia nini sasa?"

"Waambie hajafungwa na mtu. Watazidi kumheshimu."

Akacheka, safari hii kicheko kikafika. Akaizima mashine mwenyewe, akaifunga kwenye kitambaa chake, akamwinamia Wen-Pin kwa muda mrefu, akavaa viatu vyake vilivyolowa na kushuka ngazi. Boksi la keki aliliacha.

Mchana ulikuwa umechoka pia. Chun-Tao aliwasha taa, akapasha uji, akamlisha mumewe kijiko kwa kijiko bila kusema naye, kama siku zote, ila kimya cha leo hakikuwa kile cha siku zote, na wote wawili walikijua. Alipomaliza alimfuta mdomo. Akavuta sinia, akamwaga vigae kutoka koponi, kwa sababu mazoezi ya mchana yalikatizwa na mgeni.

Mkono wa kushoto ukaanza kazi. Ukachambua. Ukakiacha hiki, ukakiacha kile. Ukampata ndege. Chun-Tao akautazama ule mkono kama hajawahi kuuona. Ukamshika ndege, ukamsukuma juu ya sinia, taratibu, kwa jitihada iliyomtoa mtu jasho, kuelekea ukingo. Upande wake yeye. Siku zote upande wake yeye. Miezi yote ile amekuwa akiinama kwa matusi, akiokota na kurudisha koponi, na mwenzake kesho yake anaanza upya.

"Baba Ling," alisema.

Lile jicho zima likamtazama.

Kigae kikafika ukingoni, kikainama. Chun-Tao akatandaza kiganja chini yake, na ndege akatua humo kabla hajafika sakafuni.

"Nimefunga," alisema. "Pumba wewe. Nimefunga."

Sauti ikatoka kooni mwa Wen-Pin, upande mmoja wa uso ukapanda, na safari hii hapakuwa na shaka lilikuwa tabasamu. Alimwacha atabasamu mpaka akamaliza. Kisha akakirudisha kigae katikati ya sinia, akakivuta kigoda karibu, akaweka kichwa chake pale pembeni ya mkono ule, juu ya shuka, na macho yakaanza kufumba.

"Safari hii uniamshe," alimwambia.